UZI: Sheria anaijua, mtihani wa uwakili unamwangusha. Tuzungumze kusoma na kuandika

Wakili wa Ng'ambo (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wanajukwaa.

Kila matokeo ya Skuli ya Sheria ya Tanzania yakitoka, simu yangu haitulii. Wengi ni vijana wetu wa Unguja na Pemba. Wamemaliza digrii Tunguu au Chukwani, wakavuka bahari kwenda Dar es Salaam kutafuta uwakili, na sasa wamekula sapu, yaani wanatakiwa kurudia baadhi ya mitihani. Lao ni moja: "Kaka, vifungu vyote ninavyo kichwani, sasa tatizo nini?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa voisi noti, kwa hiyo naandika hapa, na mwenye la kuongeza aongeze.

Oktoba 2022 mnaikumbuka. Watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26, wenye sapu 342, waliodisko, yaani walioondolewa masomoni, 265. Nchi nzima ilipiga kelele, na aliyekuwa Waziri wa Katiba na Sheria, Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Harrison Mwakyembe. Ugomvi wa nani mwenye makosa, skuli, vyuo vikuu au wanafunzi, ulijadiliwa vya kutosha na siufufui. Mimi nazungumza na yule ambaye mwezi ujao anaingia chumba cha mtihani, kamati iwepo isiwepo.

Vijana wanaokuja ofisini kwangu kufanya mazoezi ya vitendo nawapa kazi ile ile: faili la mteja, kurasa chache, niandikie ushauri. Tisa katika kumi hunirudishia somo. Mkataba ni nini, nguzo zake ni zipi, kesi maarufu za Kiingereza za karne ya kumi na tisa. Vyote sahihi! Ila mteja hayumo. Jina lake limetajwa mwanzo, halafu likapotea mpaka mstari wa mwisho. Huyo ndiye anayefeli mtihani wa uwakili, maana mtihani ule unataka kujua kama mtu akikuletea shida yake utaisoma, uielewe, kisha uandike kitu ambacho hakimu atakipokea. Chuo kikuu ungeweza kupita kwa kumwaga ulichohifadhi. Huku hupiti.

Nitaeleza kwa swali nililolitunga mwenyewe. Lisomeni kabla hamjateremka.

*Salum, mfanyabiashara wa dagaa wa Malindi, Unguja, alimuuzia Hamisi, mkaazi wa Temeke, dagaa wa shilingi milioni 60. Mkataba uliandikwa Kariakoo, mzigo ukakabidhiwa hapo, na malipo yalikuwa yafanyike hapo hapo, mwisho tarehe 14 Machi 2017. Hamisi hakulipa. Mke wa Hamisi ni mwalimu wa sekondari. Tarehe 3 Agosti 2019, baada ya kusumbuliwa sana, Hamisi alimpelekea Salum barua yenye saini yake akikiri deni na kuomba muda, pamoja na risiti ya benki ya shilingi milioni moja. Tarehe 2 Mei 2023 Salum amekuja ofisini kwako. Mshauri kama bado anaweza kudai, na afungue kesi wapi.*

Msomaji mzuri anaanza na sentensi ya mwisho. Umeulizwa mambo mawili tu: muda na mahkama. Hukuulizwa kama mkataba ni halali. Ukijua unachotafuta ndipo urudi juu na kalamu mkononi, uzungushie tarehe, mahali, na pesa. Kisha pita mara ya pili, na kila jambo uliulize: wewe umewekwa hapa kwa ajili gani? Mke mwalimu hana kazi, mwache. Malindi imewekwa kukutega wewe wa Unguja ukimbilie Mahkama Kuu ya nyumbani, wakati kila kilichofanyika kimefanyika Bara na mdaiwa anaishi Bara. Na ile barua iliyofichwa katikati, baada ya mke mwalimu, ndiyo swali lenyewe.

Sheria ya Ukomo wa Muda ya Bara, Sura ya 89, inatoa miaka sita kwa madai ya mkataba. Ukihesabu kutoka Machi 2017, Salum kachelewa. Wengi husimama hapa, wakaandika "kesi imepitwa na wakati", wakafunga daftari kwa furaha. Lakini kifungu cha 27 kinasema mdaiwa akikiri deni, au akilipa sehemu, kabla muda haujesha, hesabu inaanza upya. Agosti 2019 ilikuwa ndani ya muda. Kwa hiyo Salum anayo nafasi mpaka Agosti 2025.

Wapi? Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, kifungu cha 13: mahkama ya ngazi ya chini kabisa yenye uwezo. Kifungu cha 18: anakoishi mdaiwa, au lilikotokea jambo lenyewe, lote au sehemu yake. Shilingi milioni 59 zilizobaki zinaingia Mahkama ya Wilaya. Temeke sawa, Ilala sawa kwa sababu ya Kariakoo. Basi.

Jibu hilo halizidi ukurasa. Sasa tazameni aya mbili, zote za mtu anayekijua kifungu cha 27.

Ya kwanza: "Kifungu cha 27 kinahusu kukiri deni. Mdaiwa akikiri, muda unaanza upya. Hivyo Salum anaweza kudai."

Ya pili: "Muda wa Salum ungekwisha Machi 2023. Hata hivyo, tarehe 3 Agosti 2019, miaka sita ikiwa haijesha, Hamisi alikiri deni kwa barua aliyoitia saini, na akalipa milioni moja. Kwa kifungu cha 27, miaka sita inahesabiwa kuanzia siku hiyo. Salum alipokuja tarehe 2 Mei 2023 alikuwa bado ndani ya muda."

Ya kwanza imetaja sheria ikaruka kwenye jibu. Ya pili imeichukua sheria ikaiweka juu ya kisa, tarehe kwa tarehe. Wanafunzi wote wanaijua IRAC: suala, sheria, kuitumia sheria, hitimisho. Wanaijua, lakini ile hatua ya tatu wanaipita kama gari ya shamba inavyokipita kituo kisicho na abiria. Na alama ziko pale.

Nawaachia nafasi. Mazoezi ya nyumbani nitayaeleza baadaye.

---

Mbishi wa Darajani

Wakili, umesema vizuri lakini umekwepa la msingi. Kizungu! Mtoto wa Micheweni anafikiri kwa Kiswahili, mteja anamweleza kwa Kiswahili, Bara kwenyewe sheria ilibadilishwa 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahkama, halafu mtihani anaulizwa kwa Kiingereza. Hapo unampima sheria au unampima lugha?

---

Wakili wa Ng'ambo

Yakhe, sijakwepa. Hoja yako nzito, ila mtihani wa mwezi ujao hausubiri hoja zetu.

Nikwambie ninachokiona kwenye karatasi za vijana. Anayeanguka kwa lugha mara nyingi si yule mwenye Kiingereza kidogo. Ni yule anayetaka kuandika Kiingereza cha jaji wa London wa zamani, sentensi ina mistari sita, Kilatini hapa na pale, na mwisho kitendo kimesahaulika. Mwenye Kiingereza kidogo akiandika sentensi fupi, mtendaji, kitendo, tarehe, anaeleweka na anapata alama. Sentensi moja, jambo moja. Ukishindwa kuisema kwa pumzi moja, ikate.

Jaribuni hivi: panga jibu kwa Kiswahili pembezoni mwa karatasi, maneno machache tu. "Muda: 6. Machi 17. Barua Ag 19. Upya. Ag 25." Ukishajua unachotaka kusema, Kiingereza cha kukisema hakihitaji kuwa kikubwa.

---

Karani Mstaafu

Naomba kuchangia. Nimekaa masjala ya mahkama miaka mingi, nimepokea nyaraka za mawakili wakubwa kwa wadogo. Kinachorudisha nyaraka nyingi ni viapo, yale maelezo ya maandishi mtu anayoyaapia.

Mtu analeta kiapo, ndani kaweka hoja za sheria, kaweka maombi, kaweka na aliyosikia kwa jirani. Kiapo ni cha mambo unayoyajua mwenyewe. Lilishasemwa tangu 1966 kwenye shauri la Uganda dhidi ya Kamishna wa Magereza, lile la Matovu, na mpaka leo watu wanaandika viapo kama hotuba. Jengine ni pale chini panapoapiwa: sheria ya Bara ya makamishna wa viapo, Sura ya 12, kifungu cha 8, inataka mahali na tarehe ya kuapa vionekane. Pakiachwa wazi, upande wa pili unasimama na pingamizi.

Nasikia na mtihanini wanaambiwa waandae kiapo. Basi mwanafunzi ajue kuwa msahihishaji naye ataangalia palepale tulipokuwa tukiangalia sisi dirishani.

---

Wakili wa Ng'ambo

Mzee wangu, Allah akuzidishie. Hilo ni darasa zima.

Niongeze kidogo hapo. Swali likisema "andaa hati ya madai", usimshauri mtu. Andaa. Fungua kichwani Amri ya VII kanuni ya 1 ya ile Sheria ya Mwenendo wa Madai: jina la mahkama, wadaawa na wanakoishi, mambo yaliyozaa madai na lini, kwa nini mahkama hii ina uwezo, thamani ya madai, unachoomba. Na mwisho ile verifikesheni, yaani mdai kuthibitisha kuwa aliyoyaeleza ni kweli, Amri ya VI kanuni ya 15. Nimeona hati nzuri, imeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza, haina verifikesheni.

Kinyume chake vile vile. Ukiambiwa "mshauri mteja", usimwandikie hati ya madai. Unacheka, lakini waulizeni waliopita.

---

Mchakechake

Suali. Sisi tuliosoma na kufanya kazi huku visiwani tumezowea sheria zetu. Mwenendo wa madai tuna Dikrii Sura ya 8, jinai tuna Sheria Namba 7 ya 2018, ushahidi Namba 9 ya 2016, ardhi Namba 12 ya 1992. Tukifika Dar kila kitu chengine. Mtu anajigawa vipi kichwani?

---

Wakili wa Ng'ambo

Hili ndilo linalowaumiza watu wetu kimya kimya, na dawa yake ni kusoma swali, wala si kuhifadhi zaidi.

Chukua mirathi. Swali linasema Mzee Fulani, Muislamu, kafariki Kariakoo kaacha nyumba mbili na duka. Kijana wa Wete anaona "Muislamu" na "mirathi", mkono unaandika wenyewe: Mahkama ya Kadhi, Sheria Namba 9 ya 2017. Kumbe Bara haina Mahkama ya Kadhi katika mfumo wake wa mahkama. Mirathi ya Muislamu huko inaweza kufunguliwa Mahkama ya Mwanzo, na ndiyo inayotumia sheria ya Kiislamu. Faraidhi anaijua kuliko wenzake wote darasani, lakini karatasi yake imeanza na mahkama isiyokuwepo.

Kabla hujaandika neno, juu ya karatasi yako ya kupangia andika MAHALI. Kariakoo. Halafu jiulize sheria ya wapi. Sekunde kumi tu. Na ukiwa nyumbani unasoma, weka madaftari mawili, la Bara na la Zanzibar, usiyachanganye kwenye ukurasa mmoja. Atakayefanyia mtihani wa Skuli ya Sheria ya hapa kwetu afanye hivyo hivyo kwa kugeuza.

---

Mswahili wa Ughaibuni

Salamu kutoka New York. Mimi nilifanya mtihani wao wa uwakili, na nasoma hapa naona ugonjwa ni ule ule. Siku mbili. Siku moja maswali 200 ya kuchagua. Siku nyengine insha sita za nusu saa kila moja, pamoja na kazi mbili za dakika 90 kila moja. Alama ya kupita New York ni 266 kati ya 400.

Zile kazi mbili za dakika 90 ndizo zingekufurahisha wakili. Wanakupa faili la mteja na maktaba ndogo, yaani vifungu na hukumu zote unazohitaji zimo. Hutakiwi kuleta sheria yoyote kutoka kichwani. Unasoma, unachambua, unaandika waraka ulioagizwa: barua kwa mteja, hoja kwa mahkama, memo kwa bosi. Kusoma na kuandika tupu, na ni asilimia 20 ya mtihani. Na watu wenye vichwa vikubwa wanaanguka hapo, wanamaliza saa nzima wanasoma, wanabaki na nusu saa ya kuandika. Mtihani mpya wanaouanzisha Julai 2026 katika baadhi ya majimbo unaelekea huko huko, ujuzi wa kazi zaidi.

---

Wakili wa Ng'ambo

Ahsante sana ndugu yangu, umenitolea maneno mdomoni. Mazoezi niliyoyaahidi yanafanana na hayo, na hayana gharama.

Ingia TanzLII, mtandao wa bure wenye hukumu na sheria za Tanzania, chagua hukumu ya Mahkama ya Rufani, kurasa kumi hadi kumi na tano. Soma maelezo ya kisa na hoja za pande mbili. Ukifika pale majaji wanapoanza kusema "sasa tunaamua", simama. Funga simu. Chukua kalamu na karatasi, andika uamuzi wako nusu ukurasa. Kwa mkono, tafadhali, kwani kidole kilichozowea kupangusa kioo kinachoka haraka kwenye karatasi na mwandiko unakwenda kombo. Ukimaliza, fungua uone majaji wamesemaje. Usijali sana kama mmetofautiana kwenye jibu. Tazama ni tarehe gani, barua gani, kauli gani ya shahidi wao wameitumia na wewe umeipita. Hiyo ndiyo orodha yako ya kujirekebisha.

Muda nao ugawe kwa alama. Tuseme karatasi ni ya saa tatu na alama 100. Swali la alama 20 lina dakika 36, na katika hizo dakika kumi za mwanzo ni za kusoma na kupanga. Najua inauma kukaa dakika kumi huandiki wakati jirani yako anaomba karatasi ya ziada. Mwache aombe.

---

Bint Mkoani

Kaka, mimi nimefunga kabla ya kusoma jibu lako, nikajaribu la Salum mwenyewe. Nimeandika hivi, nisahihishe bila huruma:

"Mkataba ni makubaliano yanayotekelezeka kisheria. Kati ya Salum na Hamisi kulikuwa na mkataba halali wa mauziano. Hamisi aliuvunja tarehe 14 Machi 2017 kwa kutolipa. Muda wa kudai ni miaka sita. Barua ya Agosti 2019 inaonesha kuwa Hamisi hakatai deni na ana nia ya kulipa. Kwa hiyo Salum afungue kesi Mahkama ya Wilaya Temeke anakoishi Hamisi."

---

Wakili wa Ng'ambo

Dada, mahkama umepata na sababu umetoa. Barua umeiona, na wengi hawaioni.

Sentensi mbili za mwanzo futa, hukuulizwa. Ya tatu kaa nayo, ila tarehe 14 yenyewe alikuwa bado ana haki ya kulipa. Kuvunja kunaanza siku hiyo ilipopita. Ya nne haijasema miaka sita inaishia lini, na bila kusema inaishia lini msomaji haoni tatizo liko wapi. Andika: "ingekwisha Machi 2023, na Salum amekuja Mei." Hapo msahihishaji ananyanyua kichwa.

Ya tano ndiyo kubwa. Umeiona barua ukaifanya ushahidi wa tabia ya Hamisi. Nia yake haituhusu. Kazi ya barua ni kuanzisha hesabu upya, na hukuisema. Milioni moja nayo hukuigusa kabisa, wala hukutaja kifungu. Kwangu umepata kama nusu ya alama, na nusu iliyobaki ni mistari mitatu tu.

---

Mbishi wa Darajani

Mimi bado mbishi. Barua yenye saini nani anaandika siku hizi? Hamisi wa kweli angemwandikia Salum WhatsApp: "bro nivumilie, deni nalijua". Hapo kifungu chako cha 27 kinasimama?

---

Wakili wa Ng'ambo

Hilo ndilo swali la mtihani, hongera, umekuwa msahihishaji. Bara wana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, inatambua maandishi na saini za kielektroniki kwa masharti yake. Isome pamoja na kifungu cha 28 cha Sheria ya Ukomo, kinachosema kukiri kuweje. Halafu usisahau kuwa hata ujumbe ukianguka, risiti ya benki ya milioni moja bado iko mezani, na malipo ni njia yake mwenyewe ndani ya kifungu cha 27.

Bint Mkoani, Mchakechake, na wewe Mbishi: badilisheni barua iwe ujumbe wa WhatsApp, kisa kingine kibaki kama kilivyo. Nusu ukurasa, kwa mkono, pigeni picha muweke hapa Ijumaa baada ya sala. Mzee Karani, nakuomba usahihishe pamoja nami.